Kamera Haina Mikono

Mama mwenzangu, kama una binti anayetafuta maisha kwa kufundisha watu mazoezi, soma haya mpaka mwisho, kisha umpe naye asome. Mimi niliishia darasa la saba na kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya wasomi. Nataka kukuonya tu. Na usidhani nilikuwa mzazi wa kulala. Nililinda kama mlinzi wa benki, na bado tuliibiwa mchana kweupe, mimi mwenyewe nimekaa kitini na kalamu mkononi.

Binti yangu tunamwita Chapuo, jina la ile ngoma ndogo, kwa sababu tangu anatambaa hakuweza kuona sufuria asiipige. Alipomaliza chuo cha ukatibu alizunguka na bahasha mwaka mzima mpaka visigino vya viatu vikaisha. Siku moja akarudi akaniambia ameingia mafunzo ya miezi mitatu ya ualimu wa mazoezi ya kikundi. Nikamwuliza ualimu wa nini huo. Akasema watu wanajipanga mistari, muziki unapigwa, yeye anasimama mbele anawaongoza. Nikamwuliza ni mtu gani mwenye akili zake atakayelipa ili arukeruke. Akanijibu kwamba wanalipa ili waambiwe waruke vipi, maana wakiruka wenyewe wanaumia. Sikuridhika. Nimepima viuno vya watu miaka ishirini na sita, na ninachojua ni kwamba kazi yoyote ya nguo za kubana haikosi mtu aliyesimama pembeni na macho yake.

Nikiri kwamba kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Miezi miwili alisimama nyuma ya mwalimu mwingine akiiga, bila malipo, kwenye jimu moja, yaani ukumbi wa mazoezi. Baada ya hapo akawa wa kuziba mapengo. Mwalimu akiumwa, anapigiwa simu yeye, hata kama tonge liko mdomoni. Mwisho wakampa kipindi chake mwenyewe, saa nane mchana, saa ambayo hata paka amelala. Wakaja watu wanne. Chapuo aliwafundisha wale wanne kana kwamba ni mia. Alijua nani ana mgongo, nani ametoka kujifungua, nani akichoka anacheka na nani akichoka ananuna. Mmoja wao alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye goti bovu. Kila walipofika pa kuruka, Chapuo alimwendea yeye kwanza, akamwambia anyanyue kisigino tu, kuruka awaachie ambao hawajazalisha nusu ya mji.

Asubuhi alijifundishia sebuleni amenigeukia mimi. Nikawa namwona anasema "kulia" huku ananyanyua mguu wa kushoto. Nikamwambia, mwanangu, umechoka, kalale. Akacheka sana. Akanieleza kwamba wanafunzi wanamtazama uso kwa uso, yeye ndiye kioo chao, kwa hiyo wakitakiwa kwenda kulia yeye lazima aende kushoto, na asikosee hata mara moja, maana akikosea yeye, darasa zima linagongana. Alikaa wiki mbili mpaka mwili ukazoea. Mimi nilibaki nawaza. Mtu akishazoea kusema kulia akaenda kushoto kila siku, na kwa tabasamu, mama yake atamjuaje siku akidanganya?

Wale wanne wakawa kumi na mmoja, kumi na mmoja wakawa ukumbi kujaa. Wakamhamishia saa kumi na mbili jioni, saa ambayo kila mwalimu pale alikuwa anaililia. Watu sitini. Hawakusema tena wanaenda jimu, walisema wanaenda kwa Chapuo. Na mwenye jimu akamwahidi kwamba akikishika kipindi kile mpaka mwisho wa mwaka, atamfanya mwalimu mkuu, mtu wa mshahara wa mwezi, aache kuhesabiwa kipindi kwa kipindi kama kibarua. Kwa hiyo uelewe, kipindi kile cha jioni ndicho kilikuwa shamba lake. Hakuwa na kingine.

Sasa huyo mwenye jimu. Mimi na wenzangu wa cherehani tulimwita Mzee Kijana. Umri wa kuwa babu, lakini raba nyeupe, tisheti inayoomba msaada kifuani, na nywele amezipaka weusi mpaka paji la uso nalo limepata rangi. Anaongea polepole kama daktari anayetafuta namna ya kukupa habari mbaya. Ofisi yake ina kioo cheusi. Aliye ndani anakuona, wewe unajiona mwenyewe. Na kila kipindi kikiisha alikuwa anamwita Chapuo humo, nusu saa, wakati mwingine zaidi. Nikimwuliza wanaongea nini, ananijibu, kazi.

Kazi ya nusu saa nyuma ya kioo cheusi. Nikaanza uchunguzi wangu. Nilimtengenezea suruali za mazoezi ili kila wiki mbili nipate sababu ya kumzungushia futi kiunoni, maana mdomo wa binti unaweza kusema lolote lakini futi haina rafiki. Kiuno kilikuwa kinapungua, nikawa na wasiwasi wa aina nyingine. Nilinusa nguo zake kabla ya kuzifua. Nilimwuliza dada wa mapokezi kama bosi wake ana mke, akaniambia anao wawili aliowaacha na mmoja aliyemwacha yeye. Hapo nikaamua. Nikawa nakwenda kila jioni na kikapu changu cha vifungo, nakaa kwenye benchi karibu na mlango, nashona huku natazama. Yule dada wa mapokezi akaniuliza kama nataka kadi ya uanachama ya watu wanaokaa.

Chapuo hakupenda. Alivumilia wiki ya kwanza, wiki ya pili akaniambia njiani, bila kunitazama, kwamba watu wazima sitini wanamwita mwalimu, halafu mama yake anamsubiri mlangoni kama anasoma chekechea. Nikamwambia hata benki ina mlinzi na hakuna anayesema benki ni mtoto. Niliendelea kukaa. Miezi mitatu, mama mwenzangu. Nikajua kila wimbo na kila hatua, na goti la nani linalia wapi. Sikuona mkono wa Mzee Kijana ukigusa chochote ila simu yake. Hilo ndilo lililonitia shaka zaidi, kwa sababu mtu asiye na kosa lolote ni mtu aliyejipanga.

Ndipo ikaja habari ya Jumapili. Chapuo aliniambia kwamba bosi anamtaka Jumapili asubuhi, siku ambayo jimu imefungwa, kwa wiki nane. Nilisimamisha cherehani katikati ya mshono. Nikavaa viatu, nikaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya kile kioo cheusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Mzee Kijana alisimama, akanivutia kiti, akaniita mama, akasema anaelewa kabisa, yeye mwenyewe ana mabinti. Akaeleza kwamba wanarekodi vipindi vya Chapuo kwa video. Atakuwepo mpiga picha na dada wa kumpamba. Mimi pia nakaribishwa, tena wataniwekea kiti kizuri kuliko lile benchi.

Moyo wangu ulitua kama mzigo. Kamera! Mtu mwenye nia mbaya huikimbia kamera, haiiti. Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeshinda kesi.

Aliyekuwa na wasiwasi ni Chapuo. Jioni hiyo alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa amefanya muda mrefu, akaniambia hana hakika na video hizo. Walimu wawili wenzake wameombwa wakakataa. Hawakumwambia kwa nini, walisema tu kwamba mwalimu auze kipindi, asiuze kivuli. Akaniuliza mimi naonaje. Ndiyo, mama mwenzangu, aliniuliza. Mwaka mzima nilikuwa nagonga mlango wa mtoto yule, na siku aliyoufungua mwenyewe, nilimjibu hivi:

"Mwanangu, mimi naogopa mtu. Kamera haina mikono."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya mama. Kama wewe umeridhika."

Mkataba ulikuwa kurasa tatu. Nilidai niusome kwanza. Nilivaa miwani, nikausoma mbele ya Mzee Kijana neno kwa neno, kidole kikifuata mstari kama mwalimu wangu wa darasa la tatu alivyonifundisha. Nilikuwa natafuta hila. Nilitafuta safari za mikoani, nilitafuta hoteli, nilitafuta kazi za usiku. Nikasema nataka iandikwe kwamba mwalimu hatalazimishwa kubaki peke yake na mwajiri ndani ya jengo. Mzee Kijana akasema hilo ni jambo la busara, akatoa kalamu yake mwenyewe akaliandika pembeni kwa mwandiko mzuri. Ukurasa wa tatu ulisema hatua, sauti na picha za mwalimu katika video ni mali ya jimu, popote na siku zote, na mwalimu hatazifundisha kwingine. Huo pia niliusoma. Nikaona ni wa kuzuia wezi wa nje. Nikaweka sahihi yangu chini ya ya binti yangu, mahali palipoandikwa shahidi, na nikaona fahari jinsi jina langu lilivyokaa.

Jumapili zile nane nilikaa kwenye kiti kizuri. Vipindi ishirini na vinne. Mzee Kijana alikuwa anakaa mbali, mguu juu ya mguu, na hakumsogelea Chapuo chini ya hatua tano. Alichofanya ni kumrekebisha maneno. Asiseme leo ni Jumatatu. Asiseme joto limezidi au mvua imetukosesha watu. Asimtaje mtu yeyote kwa jina. Avae nguo ileile kila Jumapili. Chapuo alikuwa amezoea kuita watu, kila mara ulimi ulimponyoka, akasema "bibi mkunga, kisigino," na mpiga picha akasimamisha, wakarudia. Nilisikia yote hayo kwa masikio yangu. Nikadhani ni adabu ya televisheni. Nilikuwa naangalia mikono.

Jumapili ya sita nilimpelekea Mzee Kijana kahawa.

Wiki tatu baada ya kumaliza, ukuta wa mbele wa ukumbi uliwekwa skrini kubwa kama geti la shule. Chapuo aliitwa nyuma ya kioo cheusi, na kwa mara ya kwanza alitoka baada ya dakika tano. Aliniambia nyumbani akiwa amesimama. Kipindi cha saa kumi na mbili kuanzia sasa kitaongozwa na video, pale na kwenye matawi mengine mawili ya jimu, kwa wakati mmoja. Ualimu mkuu haupo tena, kwa kuwa hakutakuwa na walimu wa kuongozwa. Akitaka, anaweza kubaki kama msimamizi. Atawasha mashine, atafuta mikeka, atahakikisha watu hawagombanii nafasi. Haruhusiwi kufundisha. Nikamwuliza kama amekataa. Akasema alitaka kukataa, lakini angewaaga vipi watu sitini ambao haruhusiwi hata kuwaambia kwa nini.

Kesho yake nilikwenda na kikapu changu. Nilikaa kwenye benchi langu la zamani. Chapuo alikuwa nyuma kabisa, karibu na swichi, amevaa tisheti ya kijivu ya wafagiaji. Watu waliingia, wakamsalimia, wakashangaa anasimama nyuma. Taa zikapunguzwa. Na ukutani akatokea yeye, mrefu mara tatu, amepambwa, anang'aa, anawakaribisha wote kwa furaha. Baadhi walipiga makofi. Mmoja akasema kwa utani kwamba leo mwalimu amekula vizuri. Wakaanza.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa namwona mwanangu mara mbili, na yule wa kweli ndiye aliyekuwa gizani.

Walipofika pa kuruka, yule wa ukutani alisema ruka, juu, juu zaidi. Mkunga alikuwa mstari wa pili. Nadhani alisubiri aambiwe la kisigino kama siku zote. Hakuambiwa. Akaona wenzake wote wamepanda, naye akaruka. Akatua vibaya, akakaa sakafuni palepale, ameshika goti kwa mikono miwili, mdomo wazi na hakuna sauti. Ukutani binti yangu alitabasamu akimtazama moja kwa moja.

"Vizuri sana," akasema. "Endelea hivyohivyo."

Na watu wakaendelea. Hilo ndilo baya. Wa nyuma walikuwa wanatazama juu, hawakuona. Mwingine nusura amkanyage mkono.

Chapuo aliacha swichi. Alipita katikati ya mistari, akapiga magoti kwa mkunga, akamnyoosha mguu taratibu, akamwekea mkeka uliokunjwa chini ya goti. Kisha akasimama, akaenda mbele, akajiweka katikati ya ile picha yake hivi kwamba sura yake kubwa ilimwangukia mgongoni, akaanza kuhesabu kwa sauti yake. Akawaita kwa majina. Wewe punguza, wewe pumua, fulani mgongo wako. Kwa muda kidogo sauti zake mbili zilishindana, moja ikisema kulia, nyingine ikisema simameni. Watu wakasimama. Kisha wakamfuata aliye hai.

Mzee Kijana alitoka ofisini kwake. Hakupaza sauti. Alisubiri wimbo uishe, akasema, "Msimamizi, kipindi hiki kina mwalimu."

Chapuo alikuwa anahema. Akamwambia, "Mwalimu wake hajaona mtu ameanguka."

"Huyo mwalimu hachoki, haumwi, na haji na mama yake," Mzee Kijana akasema, na akanitazama mimi, kwa upole uleule aliokuwa nao siku ya kalamu. "Mama, ulisoma mwenyewe."

Watu sitini walinigeukia. Nimekuwa na maneno kwa kila mtu maisha yangu yote, na siku ile nilitazama vifungo vilivyokuwa kwenye kikapu.

Chapuo alivua tisheti ya kijivu, chini alikuwa na fulana yake, akaikunja vizuri akaiweka juu ya mashine. Tukamshika mkunga huku na huku, tukatoka. Njiani hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alisema tu kwamba hatua zote anazozijua ziko ukutani kule, na hana haki ya kuzifundisha hata kwangu sebuleni. Baada ya siku nne ikaja barua inayosema maneno hayohayo kwa lugha ngumu.

Kwa hiyo alianza upya. Sizungumzii kutafuta kazi, nazungumzia mwili. Alikuwa akianza hatua anasimama katikati, mguu hewani, anajiuliza kama hiyo ni yake au ni ya jimu. Ilimchukua wiki saba kutunga kipindi kimoja kipya. Alikodi darasa la shule ya msingi baada ya watoto kuondoka, madawati wanasukuma ukutani. Wakaja watu watano, mkunga akiwa mmoja wao, akifanya yote akiwa kwenye kiti. Wengine wa wale sitini wamebaki kule. Siwalaumu, kule kuna feni na maji baridi.

Wiki iliyopita tulikuwa sokoni tukichagua vitambaa. Mama mmoja ambaye hatujawahi kumwona akamshika Chapuo mkono kwa furaha, akamwita mwalimu, akamwambia jana amewatesa kweli, bega lote linauma. Anafanya mazoezi kwenye tawi moja kati ya yale mengine mawili. Jana Chapuo alishinda nyumbani akifua.

Nilifikiri atamwambia, yule siyo mimi. Akamwuliza, "Ni bega lipi?"

Yule mama akaonyesha. Chapuo akamwambia anyanyue mkono, akamtazama, akaweka vidole viwili nyuma ya bega, akamwambia tangu mwanzo amekuwa akiupandisha mkono na shingo pamoja, aiache shingo chini. Pale pale, katikati ya majora ya vitambaa, watu wanapita wanatutazama. Yule mama akanyanyua tena. Akasema haa. Akasema mbona jana hukuniambia?

"Jana sikukuona," Chapuo akamjibu. Kisha akamwelekeza shule ilipo na saa ya kuja.

Alikuja. Sasa wako sita. Mimi ninakaa mlangoni, na safari hii Chapuo ndiye aliyeniomba. Siku ya kwanza nilimsimamisha yule mama kizingitini, nikamwuliza anafanya kazi wapi, nani amemtuma, na simu yake kubwa hivyo ni ya nini. Chapuo akaniambia mama, muache apite. Nikamwacha. Lakini simu nilimwomba aiache kwenye kikapu changu, na aliiacha.